Fundi Saa Aliyeandika "Hakuna"

Nilimfahamu marehemu kwa kutaka kumlalia kwa bei. Mwaka 1994, nikiwa mchuuzi wa saa, nilimpelekea saa ya mkono nikaapa ni ya asili. Aliifungua, akabana lenzi kwenye jicho la kulia, akaitazama, akaifunga. "Kaka, hili bati. Mkanda wake mzuri, uza mkanda." Tangu hapo sikununua saa kabla hajaitazama. Tarehe 7 Septemba 1996 alimwoa dada yangu, wala sikudai punguzo la ufundi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa pili wa mshona viatu na mkunga. Alimaliza sekondari mwaka 1986. Ni huko bwenini malengelenge yalipomtoka mdomoni kwa mara ya kwanza, wenzake wakamwita Asali, eti kabusu nyuki. Mwaka 1991 alifungua karakana yake: mlango mmoja, benchi moja.

Mwaka 2009 ugonjwa huo wa malengelenge ulipanda kwenye jicho lile la kazi. Daktari hakumficha: virusi hujificha ndani ya mishipa ya fahamu, mahali ambapo kinga ya mwili haivimalizi, na mwili ukilegea vinashuka tena. Vikawa vinamrudia hadi mara tisa kwa mwaka, na kila mara viliacha kovu. Saa ndogo za kike akaanza kuzirudisha kwa wenyewe bila kuzigusa.

Mwaka 2022 aliingia kwenye utafiti wa chanjo ya tiba, ile ya kuifundisha kinga ya mtu ambaye tayari ameambukizwa. Hakuna aliyejua nani kadungwa chanjo, nani maji ya chumvi. Kila jioni alipaswa kuandika daftarini kama jicho limeuma. Baada ya sindano ya pili likauma, akanijia.

"Shemeji, nikiandika hili wataniona sifai, wataniondoa."

Nilimjibu kichuuzi: "Mwenye mali hatangazi kasoro. Andika 'hakuna'."

Akaandika hivyo, siku ile na kila lilipouma tena. Lakini mkono wake haukuzoea kuacha hitilafu bila kumbukumbu. Tarehe za kweli za maumivu alizitia nyuma ya tiketi za matengenezo.

Februari 2024 jicho liliuma, kisha kichwa. Siku kumi na moja daftari lilisema "hakuna". Siku ya kumi na mbili alimuuliza dada yangu, "Wewe ni nani?" Virusi vilikuwa vimefika ubongoni. Alifariki tarehe 2 Machi 2024, saa nne asubuhi, wodini, dada yangu akiwa amemshika kidole gumba.

Zile tiketi nilizikuta karakanani, nikazipeleka kwa muuguzi wa utafiti. Alizisoma zote, akaketi.

"Baba, hatumwondoi mtu kwa kuugua. Kuugua ndiko tunakotaka kujua. Angesema, angepata dawa siku ileile."

Kwa kuwa amefariki, siri ya sindano yake ilifunguliwa. Alipewa chanjo yenyewe. Kwa hesabu ya tiketi, maumivu yalikuwa yamepungua kutoka mara tisa hadi nne kwa mwaka. Muuguzi alisema mtu mmoja si ushahidi.

Ameacha mama mzazi, mjane, na mabinti wawili. Watafiti wamepata nne ya kweli mahali pa sifuri ya uongo. Mimi nilipata nilichokitaka: hakuondolewa. Mwenye daftari kama lile nyumbani, leo akaandike yote.

Mola ampe pumziko ambalo jicho lile lilimnyima.