Vidonge, Plasta, Jeli: Miaka Thelathini na Mmoja ya Sista Syombua

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Sista Syombua Muthama atavua sare yake kwa mara ya mwisho hapa Zahanati ya Nuru Njema, Makongeni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kwa miaka kumi na tisa kati ya hiyo tumetazamana kila asubuhi, mimi kwenye dawati la mapokezi, yeye kwenye chumba cha kwanza mkono wa kulia. Nilipoombwa kuandika wasifu huu nilikubali papo hapo, ingawa amenionya nisimpambe.

Alikuja kutoka kwao Mwala mwaka 1994, muuguzi wa miaka ishirini na tisa, akapewa kliniki ya watoto. Aliwachoma sindano huku akiwaimbia kwa Kikamba, na kwa kuwa sauti yake ni nzito kuliko ya mwanamume, watoto wengi walisahau kulia kwa mshangao. Leo watoto hao ni wazazi. Wanawaleta watoto wao, na bado wanasimama mbali kidogo na trei yake.

Lakini kazi iliyomfanya ajulikane mpaka mitaa ya Kiamaiko na Mukuru kwa Njenga ilianza kwa balaa lake mwenyewe. Ameniruhusu kuisimulia. Kwa kweli, ameniagiza.

Mwaka 2016 Sista alikuwa na miaka hamsini na mmoja na hedhi yake ilikuwa imekoma. Joto lilimpanda ghafla katikati ya kazi, jasho likamtiririka mpaka kola ikalowa. Usingizi ulimkimbia. Yeye aliyekuwa akicheka na kila mtu akawa anamkaripia hata mwenye kubisha hodi. Asubuhi moja alisimama na sindano mkononi, akashindwa kukumbuka kama mtoto aliye mbele yake alikuwa ameshachanjwa. Aliiweka chini, akaangalia kadi. Mtoto hakuwa amechanjwa, na hakuna kosa lililotokea. Hata hivyo, alasiri hiyo alinipa bahasha nimpelekee Daktari Andati, mkuu wetu. Ilikuwa barua ya kuacha kazi.

Daktari aliisoma akiwa amesimama, akamwita, na akanitaka nami nibaki.

"Sista, mama akija kwako na dalili hizi, utamwambia aache kazi?"

"Nitamwambia atafute matibabu," akasema.

"Basi barua hii sijaiona."

Daktari alimtuma kwa bingwa wa magonjwa ya wanawake, ambaye baada ya kumpima na kumuuliza habari za ukoo wake alimwanzishia vidonge vya homoni vya aina mbili. Wiki ya nne joto lilipungua. Tulianza kusikia nyimbo tena. Ila kichwa kilimuuma kila siku, na presha yake ikaanza kupanda. Akasema homoni zimemkataa, na alikuwa tayari kuacha kila kitu.

Bingwa hakuona hivyo. Alimweleza kwamba kidonge hupitia tumboni na kwenye ini kabla ya kufika kwenye damu, na kwamba dawa ileile ikipitia kwenye ngozi huenda mwili ukaipokea vizuri zaidi. Akambadilishia plasta ya kubandika chini ya kiuno, ya kubadilishwa mara mbili kwa wiki. Na kwa kuwa Sista bado ana kizazi, akaendelea na kile kidonge cha pili cha kukilinda kizazi hicho, ambacho hakuruhusiwa kukiacha.

Kichwa kilipona. Presha ilishuka. Plasta, hata hivyo, haikukaa. Sista hujipaka mafuta kuanzia shingoni mpaka vidoleni kila akitoka kuoga, na plasta haishiki ngozi yenye mafuta. Siku moja ilidondoka kwenye kiti cha ofisini, na Daktari Andati akakikalia. Alizunguka zahanati nzima na plasta ya homoni kwenye suruali yake mpaka saa sita, akishangaa kwa nini kila mtu ana furaha. Sista alipogundua alicheka mpaka akaketi sakafuni. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo kwa karibu mwaka mzima.

Aliacha kupaka mafuta pale pa kubandika, lakini ngozi ikawasha na kutoka vipele. Akarudi kwa bingwa, akapewa jeli ya kupaka mkononi kila asubuhi, aiache ikauke kabla ya kuvaa, kisha anawe viganja. Hiyo ndiyo iliyomfaa. Kwa miezi yote hiyo aliandika kwenye daftari joto limempanda mara ngapi, amelala saa ngapi, kichwa kikoje. Tangu kidonge cha kwanza mpaka jeli ilimchukua miezi minane.

Ndipo akaanzisha Alhamisi. Kila Alhamisi alasiri alifunga kliniki ya watoto na kuwapokea wanawake waliofika umri wa kukoma hedhi. Wa kwanza kabisa alikuwa Kavindu, muuza supu ya mbuzi wa Kiamaiko, aliyekuwa ameacha vidonge vya homoni miezi sita kabla.

"Sista, mimi nilishaachana na hiyo maneno. Kichwa ilikuwa inaniuma mpaka siskii wateja."

"Ulimwambia daktari wako?"

"Nimwambie nini? Si dawa ni hiyo tu?"

"Dawa si hiyo tu," Sista akamjibu, akamfungulia daftari lake mwenyewe.

Alimwandikia barua ya kwenda kwa bingwa. Kavindu alibadilishiwa plasta, ikamshika vizuri tangu siku ya kwanza, na Alhamisi ya tatu akaja na wenzake wanne. Sista hakumwandikia mtu homoni. Aliwaambia wazi kuwa si kila mwanamke zinamfaa, na kwamba kubadilisha ni kazi ya daktari. Alichowapa ni ujasiri wa kurudi na kusema hii imenishinda, nipe njia nyingine.

Na sasa siri yangu. Mwezi uliopita, nikiwa na miaka arobaini na tisa, nilijipepea kwa faili la mgonjwa mara tatu kabla ya saa nne. Sista alitoka chumbani kwake, akaniangalia, akavuta kiti. "Khawla, njoo Alhamisi," akasema. Nilikwenda. Ndanu, muuguzi anayerithi chumba chake, ndiye aliyeniandikia jina, Sista akiwa amesimama nyuma yake bila kumsaidia hata kidogo.

Ijumaa, baada ya swala, tutakula pilau uani. Jumatatu Sista anaanza mafunzo ya kuogelea, kitu alichokitamani tangu utotoni, na kofia ya rangi ya chungwa ameshainunua.

Ahsante, Sista, kwa watoto wetu, na kwa mama zao. Tunakuombea siku ndefu, usingizi mtamu, na maji ya kina kinachokutosha.

Khawla Abdurahim, Mapokezi