Kitanda cha Pili Kwenye Meli ya Barafu

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya makreti mawili ya soda, mbele ya duka la kinyozi, pale barabara mbili zinapokutana na kila anayepita analazimika kupunguza mwendo. Asubuhi jua huwa upande wa pili wa jengo, kwa hiyo kivuli hudumu mpaka karibu saa tano, na kivuli kikiisha kijiwe nacho huvunjika chenyewe. Wenye benchi ni wanne. Kinyozi hukaa ukingoni ili amwone mteja akija. Breki aliendesha malori ya masafa marefu mpaka mgongo ukagoma. Mwalimu alifundisha jiografia, na mpaka leo huongea kama kuna ubao nyuma yake. Wa nne ni Fundi Baridi, aliyetunza vyumba vya baridi kwenye ghala la nyama na samaki kwa miaka thelathini na moja, akastaafu miezi mitatu iliyopita. Kahawa ni ya Mama Birika, mwenye meza yake hatua tatu kutoka hapo, na hakuna neno la benchini linalompita.

Wiki hiyo gumzo lilikuwa moja tu. Watoto wa Fundi walikuwa wamekaa wakashauriana, wakaamua kumpa baba yao zawadi ya kustaafu: safari ya meli ya kitalii kwenda mbali kaskazini, kuona mito ya barafu na wanyama wa huko. Fundi alipoambiwa alicheka. Barafu, aliwaambia, ameiona ya kumtosha, ameipasua kwa nyundo, imemkausha vidole, imemletea mafua mwezi wa kiangazi. Mtu gani anasafiri kwenda kuangalia kazi yake ya zamani?

Kisha binti yake mkubwa akamletea vijitabu viwili vya matangazo, na katika kimoja kulikuwa na picha ya ukuta wa barafu uliosimama juu ya maji, mrefu kuliko jengo lolote la mtaani, na rangi yake ilikuwa buluu. Si nyeupe. Fundi aliishika picha hiyo muda mrefu. Barafu nyeupe aliijua, ina hewa ndani. Barafu angavu kama kioo aliijua pia, hiyo imegandishwa polepole. Ya buluu hakuwahi kuitoa kwenye mashine yoyote. Tangu siku ile vijitabu vilikuwa kwenye bahasha, na bahasha ilikuwa kwapani kwake kila asubuhi.

Meli zilikuwa mbili, na ilibidi achague moja. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ghorofa kumi na tano, yenye mabwawa ya kuogelea na kumbi za muziki, inabeba watu elfu tatu. Ya pili ilikuwa ndogo, abiria sabini tu, na ilikuwa na mashua za mpira za kuwashusha watu ufukweni watembee. Binti alikuwa amesema anahitaji jibu Ijumaa kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi zitachukuliwa na wengine. Na sasa ilikuwa Ijumaa.

Breki ndiye aliyeanza, kama alivyoanza Jumatano na Alhamisi. Yeye alikuwa wa meli kubwa, na hoja yake ilitoka barabarani. Gari zito halitikiswi na shimo, alisema, shimo ndilo linalotikiswa na gari. Meli ya watu sabini ni kama pikipiki katikati ya malori. Halafu kuna nyangumi. Breki alikuwa na hakika kwamba nyangumi hujikuna mgongo kwa kujisugua kwenye vitu vigumu, na katika maji yale ya baridi, yasiyo na nguzo wala gati, kitu kigumu pekee ni meli.

– Akiona meli ndogo anasema, haya, hii ndiyo saizi yangu, akamaliza Breki.

Kinyozi alisikiliza huku akipiga brashi kwenye kiganja. Kwake meli kubwa ilikuwa kosa kwa sababu moja: shingo. Watu elfu tatu wakikimbilia ukingo mmoja kumwona dubu, aliye nyuma ataona shingo, na shingo za watu yeye alikuwa ameziona za kutosha, hakuna haja ya kuvuka bahari. Zaidi ya hapo, meli kubwa inapika mara sita kwa siku. Dubu ana pua kali. Akisikia harufu ile mara ya kwanza anakuja, mara ya pili anakuja, mara ya tatu anakuwa ameshaijua ratiba, anakaa zake msituni akisubiri zamu ya mlo wa samaki.

Mwalimu akakohoa kidogo, akasema kwanza waelewane ni dubu yupi. Hapo ukazuka ubishi wa nusu saa, kwa sababu Breki alikuwa akimtarajia dubu mweupe na pengwini kwenye jiwe moja, na Mwalimu ikabidi atumie kikombe cha kahawa kama dunia, kidole gumba kaskazini na kidole cha shahada kusini, aeleze kwamba wawili hao hawajawahi kuonana tangu waumbwe. Breki hakuamini. Kama wote wanapenda baridi, aliuliza, ni nani aliyewatenganisha? Mwalimu alisema joto la katikati. Breki akasema basi ni suala la kusafirishwa tu, na kama angepewa lori la friji angewakutanisha.

Fundi alikuwa akisikiliza huku akitabasamu, lakini moyo wake haukuwa pale. Kuna jambo ambalo hakuwaambia.

Jumatatu alimwonesha mkewe ile picha. Mkewe ni mshonaji, hushona sare za shule, na alikuwa kwenye cherehani, amezungukwa na marinda ya kijani. Fundi alimwambia watoto watalipia chumba cha watu wawili, kwa hiyo kuna kitanda cha pili, naye aanze kutafuta koti zito. Mkewe aliitazama picha, akaitazama tena, akamrudishia. Akasema yeye hatakwenda. Mchukue mmoja wa wenzako wa benchini, alisema, nyinyi ndio mnaoelewana mambo hayo. Kisha akakanyaga cherehani. Fundi akaondoka. Hakumuuliza kwa nini. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na safari zao zote za pamoja zilikuwa za harusi na misiba ya ndugu.

Ilipofika saa nne, na Mwalimu akiwa ameanza kueleza jinsi mto wa barafu unavyoteremka mlimani kama mto wowote, ila kwa mwendo wa hatua moja kwa siku, Fundi akaona afadhali aseme. Akasema kitanda cha pili kiko wazi. Mkewe amekataa.

Kisha mambo yakabadilika kwa namna ambayo Fundi, baadaye, angeikumbuka akacheka peke yake. Breki, aliyekuwa mtu wa meli kubwa tangu Jumatano, akasema kwamba ukifikiria vizuri hata meli ndogo si mbaya, mradi iwe na mtu aliyezoea vyombo vya moto, mtu anayeweza kusikia injini ikianza kusumbua. Kinyozi akasema siku kumi na mbili baharini ni nyingi, ndevu zitaota, na baridi ile ikiingia kwenye ndevu mtu anaweza kugandishwa mdomo asiweze hata kuomba msaada. Mwalimu hakuomba kitu. Alisema tu kwamba ni huzuni kubwa mtu kufika mahali kama pale bila wa kumweleza anachokiona.

– Kwa hiyo mnagombea kitanda, alisema Mama Birika bila kugeuka.

Wakakanusha wote watatu kwa pamoja. Lakini kukanusha hakukuwazuia. Breki alisema amewahi kusikia kwamba barafu ile haikugandia pale, ilitoka juu angani kama jiwe moja. Kinyozi akasema basi ndiyo maana ni ya buluu, ni rangi ya mbingu iliyobaki. Mwalimu, mtu wa vitabu, alipaswa kuwarekebisha. Badala yake akasema wazo hilo si la kupuuzwa moja kwa moja. Fundi akamtazama kwa mshangao. Tamaa ya kitanda, aliona, inaweza kumfikisha mwalimu mahali pabaya.

Hapo ndipo mkewe alipotokea kwenye kona.

Hakuwahi kuja benchini hata siku moja. Alikuwa na utepe wa kupimia shingoni na simu ya Fundi mkononi. Akawasalimia, wakaitikia wote, Breki akasogea, Kinyozi akasogea, nafasi ikapatikana katikati. Akaketi.

– Umesahau simu, alimwambia mumewe. Mtoto amepiga mara tatu. Anataka kujua ni meli ipi.

– Ndilo tunalolizungumza, shemeji, alisema Breki. Suala ni zito.

Akaomba aelezwe. Wakamweleza, kila mmoja kwa upande wake: ghorofa kumi na tano, mgongo wa nyangumi, shingo za watu, pua ya dubu, jiwe kutoka angani. Alisikiliza kwa utulivu, mikono mapajani, kama anavyomsikiliza mzazi anayemweleza mtoto wake ana kiuno cha namna gani. Walipomaliza, aliuliza.

– Mkishafika mbele ya hiyo barafu, mtafanya nini?

Kinyozi akaangalia dukani kama kuna mteja, hakuwepo. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Siku tatu walikuwa wamepima meli, wamepanga vitanda, wamewahamisha pengwini, lakini hakuna aliyewahi kujifikisha pale na kujiona amesimama. Hata Mama Birika akageuka kusikia swali hilo litajibiwaje.

Wakamtazama Fundi, kwa kuwa safari ilikuwa yake.

– Sijui, alisema. Nitaiangalia.

– Kwa muda gani?

– Mpaka nichoke.

– Halafu?

Fundi alishika bahasha kwa mikono miwili. Alitaka kusema kitu cha maana kuhusu hewa na maji na ugandishaji, lakini kilichotoka kilikuwa kingine.

– Nilitaka nikuoneshe, alisema.

– Unioneshe nini, na wewe mwenyewe hujawahi kuiona?

Hakuliuliza kwa ukali. Fundi alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akauliza swali alilopaswa kuliuliza siku ile.

– Kwa nini ulikataa?

Mkewe aliushika utepe wake kwenye ncha, akaukunja kidogo kidogo. Akasema alikataa kwa sababu aliambiwa kuna kitanda cha pili. Fundi alikuja na picha, safari na tarehe, vyote vimeshapangwa, na mwisho kabisa akamtajia kitanda, kama mzigo ambao umepatiwa nafasi. Hakuulizwa kama anapenda maji. Hakuulizwa kama anaogopa. Wala hakuulizwa kama naye ana kitu huko anachotaka kukiona.

– Kipo? aliuliza Fundi.

– Kipo. Kuna mnyama mmoja, fisi-maji wa baharini. Analala chali juu ya maji, mtoto wake kifuani. Nimemsoma ukurasa wa ishirini na mbili.

Fundi hakujua kwamba kijitabu kina kurasa ishirini na mbili. Yeye hakuvuka ile ya picha. Kumbe mkewe, kila Fundi alipolala adhuhuri, alikuwa akikitoa kwenye bahasha na kukisoma, mstari kwa mstari, kisha anakirudisha kama kilivyokuwa.

Akakichukua sasa, akafungua bila kutafuta. Akawasomea kwamba meli kubwa hukaa mbele ya barafu saa moja tu, kisha inageuka, kwani nyuma kuna nyingine inasubiri. Ndogo hukaa asubuhi nzima. Inazima injini, na watu wanaombwa wanyamaze. Barafu ikipasuka, mlio husikika kama radi, hata mbali, na nyangumi akija mtu husikia kwanza anavyopumua kabla hajamwona.

Ilikuwa dhahiri kwamba kati yao wote ni yeye peke yake aliyekuwa amekwisha kufika.

– Shemeji, alisema Mwalimu taratibu, hapo umetushinda.

– Mimi naogopa maji, alisema yeye. Naogopa sana. Ila mwalikaji akinialika vizuri, nitaogopa nikiwa humo humo melini.

Fundi aliweka bahasha chini. Akageuka akamkabili, mbele ya Breki na Kinyozi na wapita njia waliopunguza mwendo, akamwambia kwamba yeye hana cha kumwonesha mtu, kwa kuwa hajui lolote kuhusu mahali pale. Barafu yote aliyowahi kuijua ilikuwa ndani ya chumba chenye mlango.

– Twende wote tukaione mara ya kwanza, alisema. Meli uchague wewe.

Simu ikalia mkononi mwa mkewe. Alikuwa binti yao, mara ya nne. Fundi alinyoosha mkono kuipokea, kisha akaurudisha. Mkewe akaipokea mwenyewe.

– Ndogo, alisema. Ndiyo, wote wawili. Hapana, makoti msinunue, nitashona. Niulizie tu kitu kimoja kwa hao wenye meli: asubuhi wakizima injini, tutaruhusiwa kukaa nje hata kama hakuna mnyama?

Akasikiliza. Benchi zima lilisikiliza naye, ingawa hakuna aliyeweza kusikia jibu.