Diana Naftali Sifaeli na Ugonjwa Tuliouita Presha

Diana Naftali Sifaeli hakuwa mjamzito. Familia inaanza na sentensi hiyo kwa sababu tangu mwezi wa nane limesemwa neno hilo sokoni Ngaramtoni, limesemwa Ngarenaro madukani, na juzi limesemwa hapa hapa nyumbani, na watu waliokalia viti vyetu wakinywa chai ya msiba. Tumbo lile lilikuwa maji ya ugonjwa. Diana hakutoa mimba. Hakurogwa. Wala mume wake, Ephraimu, hakumkimbia: kazi yake ni kuendesha magari ya watalii, na watalii hawaji kuangalia wanyama Olasiti, walikoishi. Majuma matatu ya mwisho Ephraimu hakutoka kando ya kitanda. Aliyekuwa anataka kujua sasa amejua, tuendelee na maisha ya marehemu.

Diana alizaliwa tarehe 14 Juni 1983 katika Hospitali ya Nkoaranga, mtoto wa kwanza kati ya mabinti wawili wa marehemu Mzee Naftali Sifaeli, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, na Mwalimu Hanna, mkuu wa sekondari mstaafu. Alibatizwa na kupata kipaimara Akheri. Alikulia katika shamba hili hili tutakalomlaza leo, kati ya migomba na mibuni aliyoipanda babu yake.

Alisoma Shule ya Msingi Akheri kuanzia mwaka 1991 hadi 1997, kisha Sekondari ya Makumira, kisha kidato cha tano na cha sita Machame. Mwaka 2004 alikwenda Morogoro kusomea kilimo, akahitimu mwaka 2007. Baba yake alitamani awe mwanasheria. Diana alimjibu kwamba mahakamani kila mtu anajitetea, lakini kahawa haina wa kuisemea.

Aliajiriwa kuwa afisa ugani mwaka 2008, na tangu 2012 kituo chake kilikuwa Ngaramtoni. Wakulima walimfahamu kwa swali moja. Kila alipomkuta mtu anauza miche ya kahawa sokoni, aliinama, akagusa majani, akauliza, "Huu mama yake ni nani?" Alitaka kujua mche umetoka kwenye mbuni gani, kwa sababu chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha punje zikiwa bado mtini, humaliza mibuni ya ukoo mmoja na kuiacha ya ukoo mwingine. Siku moja mzee mmoja mwuza miche alichoka naye.

"Madamu," alimwambia, "mche unaununua au unauposa?"

"Nauposa, baba," Diana akajibu. "Naingia nao ndani kwa miaka arobaini. Nisiulize kwao?"

Soko zima lilicheka, na mzee yule alikuwa wa kwanza kufika hapa msibani, na miche kumi na miwili ya kupanda kaburini.

Tarehe 9 Oktoba 2010 Diana alifunga ndoa na Ephraimu katika kanisa la Akheri. Mungu aliwajalia watoto wawili: Aneth, mwenye miaka kumi na mitatu, na Godbless, mwenye miaka kumi. Walijenga Olasiti. Ilikuwa nyumba yenye kelele za kicheko, na majirani wapo hapa watashuhudia.

Sasa ugonjwa. Ni lazima turudi nyuma, mwaka 2009, mwezi wa nane, alipozikwa Kandida, shangazi yake Diana, dada wa Mzee Naftali. Kandida alikuwa na miaka arobaini na sita. Wasifu wake uliandikwa na Mwalimu Hanna, ambaye ndiye anayeandika na huu. Ndani yake iliandikwa kwamba marehemu "aliugua presha kwa muda mfupi." Haikuwa kweli. Kandida aliugua miezi kumi. Tumbo lilijaa, akatolewa maji mara mbili, na madaktari walisema ni saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi. Lakini ugonjwa wa sehemu hizo ulionekana si wa kutajwa mbele ya mchungaji na wakwe. Kwetu tumezoea hivyo: wasifu unatiwa sukari kidogo, marehemu asindikizwe vizuri. Aliyechaguliwa kuusoma siku ile, kwa sababu ya sauti yake nzuri, alikuwa Diana.

Mwezi Februari 2022 Diana alianza kushiba upesi na tumbo kumvimba. Alikwenda zahanati moja mjini. Aliulizwa kama kuna mwanamke wa ukoo wao aliyewahi kuugua saratani, akasema hakuna. Aliamini alichosema, alikuwa amekisoma mwenyewe kaburini. Akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Alizitumia, akaongezewa, akabadilishiwa. Ilipita miezi kumi na minne.

Aprili 2023 alifika hospitali Moshi, na huko Daktari Faudhia, bingwa wa magonjwa ya wanawake, akagundua saratani ya ovari, hatua ya tatu. Baada ya upasuaji daktari huyo alikaa kitandani kwa Diana na karatasi, akachora ukoo: duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanaume. Mwalimu Hanna alikuwepo, ameshika chupa ya uji.

"Upande wa baba, mashangazi?" daktari aliuliza.

"Mmoja," Diana akajibu. "Alikufa kwa presha."

"Akiwa na umri gani?"

"Arobaini na sita."

Daktari aliacha kuandika. "Mama, samahani. Tumbo lake lilikuwaje?"

Mwalimu Hanna aliiweka chupa chini. Kisha akasema, "Lilijaa. Haikuwa presha. Na bibi yao mzaa baba alikwenda vivyo hivyo, mwaka 1988."

Diana alimtazama mama yake. "Presha niliisoma mimi, Mama. Mbele ya watu wote."

"Iliandikwa kwa heshima, mwanangu."

"Heshima ya nani?"

Uji ulipoa, ukamwagwa.

Daktari Faudhia alieleza, na Diana aliagiza maelezo yale yafikishwe hapa. Kila seli ya mwili ina mafundi wake wa kurekebisha mahali palipoharibika. Wako watu wanaozaliwa na kasoro katika maagizo ya fundi mmojawapo, na kwao saratani ya ovari au ya matiti hupata njia rahisi zaidi. Kasoro hiyo hurithiwa kwa baba sawasawa na kwa mama, na mtoto yeyote ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Mzee Naftali aliipitisha bila kuugua na bila kujua. Waliosema ugonjwa huu umeletwa na upande wa mama walikosea, na waliosema umeletwa na mtu mbaya walikosea zaidi. Watafiti wameona kwamba mara nyingi saratani hii huanzia kwenye ncha za mirija ya uzazi, si kwenye ovari zenyewe, ndiyo maana ikionekana huwa imeshatembea. Mpaka leo hakuna kipimo cha kuwapima wanawake wote mapema na kuwaokoa. Damu hupimwa, picha hupigwa, lakini vyote hukosea. Wanaendelea kutafuta. Kwa hiyo kwa mwanamke wa ukoo kama wetu, kujua historia ya nyumba yake ndiyo taa ya kwanza, na sisi tulikuwa tumeizima.

Diana alitundikiwa dripu za dawa mara sita. Nywele zilinyonyoka, akasema sasa anafanana na babu. Alikubali damu yake na vipande vya uvimbe vitumike katika utafiti, akatia sahihi kwa mkono wake, hakuna aliyemuuza. Kipimo cha vinasaba kilithibitisha kasoro ile, na kwa sababu hiyo alipata vidonge vinavyoinyima seli ya saratani njia yake nyingine ya kujirekebisha. Vilimpa miezi kumi na mitano ya kutembea, ya kufundisha, ya kumwona Aneth akimaliza darasa la saba. Julai 2025 ugonjwa ulirudi, na vidonge havikuuweza tena. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi, nyumbani Olasiti. Maneno yake kwa mama yake, siku mbili kabla, yalikuwa haya: "Wasifu wangu uandike kweli. Aneth atausoma."

Alhamisi, familia ilipokaa kupanga ratiba, baba mdogo wa Diana, Mzee Sadoki, hakukubaliana.

"Shemeji, andika presha. Au andika aliugua tu, yatosha. Tuna mabinti hawajaolewa. Ukitaja kurithi, nani atakuja kubisha hodi?"

"Atakayebisha hodi atawakuta hai," Mwalimu Hanna akasema.

Mzee Sadoki aliondoka bila kuaga. Ijumaa asubuhi alirudi, akaomba karatasi, akaisoma yote akiwa amesimama. Akasema kwamba kama ni lazima isomwe, basi ataisoma yeye, asije mtoto mwingine wa nyumba hii akapewa maneno ya kusema kwa niaba ya wazee. Ni sauti yake mnayoisikia.

Nyumba hii haijawahi kufikishwa polisi wala baraza la kata. Imesomesha, imejenga kanisa, imezika watu wake kwa heshima. Ilificha jambo moja, na jambo hilo tumelisema leo. Kila binti na kila mwana wa uzao wa babu yake Diana, Mzee Sifaeli, wa hapa na wa mbali, anaagizwa kwenda kumweleza daktari kwamba bibi, shangazi na Diana walikufa kwa saratani ya ovari. Wanaume nanyi mmo, kwa ajili ya mabinti wenu. Aliyemaliza kuzaa anaweza kushauriwa kuondolewa mirija na ovari kabla ugonjwa haujaanza. Ushauri huo ni wa daktari, si wa majirani.

Diana ameacha mume, Ephraimu. Watoto, Aneth na Godbless. Mama, Mwalimu Hanna. Mdogo wake, Prisca. Baba mdogo, Mzee Sadoki. Na wakulima wengi wa Ngaramtoni. Bwana aliyemleta amempokea, na ampe pumziko ambalo mwili wake ulikuwa umelisahau.

Prisca amekwishapimwa vinasaba, mwezi wa tisa, Diana akiwa amemshika mkono. Majibu ni ya Prisca. Asiulizwe leo, asiulizwe kesho, wala asiulizwe mama yake. Familia haitasema zaidi.