Babu Dum na Pigo la Kufunga

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Aliyesimama na atafute pa kukaa. Aliyeshika sufuria na aiweke chini taratibu, maana tunayemkumbuka leo aliviheshimu sana vyombo vya bati.

Tunamkumbuka fundi bati ambaye mtaa mzima ulimwita Babu Dum. Alifariki juma lililopita, nyumbani kwake, kitandani kwake, baada ya kuugua kifua kwa muda mfupi. Kwa wale mnaofungua redio sasa hivi, narudia: Babu Dum, fundi bati, mpiga ngoma kubwa wa okestra ya mtaa, hatunaye tena.

Kwa desturi hapa tungenyamaza dakika moja kwa heshima yake. Familia imetuomba tusifanye hivyo. Wanasema marehemu hakuwahi kukaa kimya dakika nzima, na si adabu kuanza kumzoesha sasa.

Mtaa wenyewe mnaujua, au mnaujua unaofanana nao. Jumamosi asubuhi kamba zinajaa mashuka. Kinyozi anatoa kiti chake nje. Watoto wanagawana timu, na hakuna anayekubali kuwa kipa. Muosha magari anamwaga maji mpaka mlangoni kwa jirani, na jirani anatoka na ufagio, na maneno. Mchana milango ya ukumbi wa jamii inafunguliwa, okestra inaingia mazoezini. Jumapili ya mwisho wa mwezi, alasiri, ni onyesho. Watu wanakwenda na viti vyao, kwa sababu vya ukumbi vina tabia ya kukunjika na mtu.

Okestra hiyo ni ya watu wenye kazi zao. Muuza dawa anapuliza tarumbeta. Mshona nguo anapiga fidla, na pini zake hubaki mdomoni mpaka wimbo unapoanza. Mapacha wa duka la mboga wana fidla kubwa moja wanayopokezana, na wamenuniana tangu utotoni juu ya nani aanze. Anayewaongoza ni Mwalimu, aliyefundisha jiografia mpaka alipostaafu, na ambaye bado anaonyesha kwa kifimbo kama anatafuta mto kwenye ramani.

Mwalimu huyu ana dada mmoja tu. Dada huyo aliolewa na Babu Dum. Shikeni hapo: Mwalimu na Babu Dum walikuwa mashemeji.

Karakana ya Babu Dum iliegemea ukuta wa ukumbi. Ukuta ni mmoja, huku fidla, huku nyundo. Na Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku ya wateja wake, wa mifereji ya paa, wa ndoo, wa makopo ya kumwagilia maua. Kila Mwalimu alipoinua kifimbo, upande wa pili bati lililia. Alivumilia, akavumilia, mwishowe akazunguka nje na kusimama mlangoni.

"Shemeji," alisema, "tunafanya mazoezi."

"Hongereni," alijibu Babu Dum bila kuinua kichwa. "Mimi nafanya kazi."

Wakanuniana. Kwenye chakula cha familia chumvi ilizunguka meza nzima: huyu alimwambia mama mwenye nyumba amwombe yule chumvi, na yule alimwambia mama mwenye nyumba amwambie huyu chumvi hiyo hapo mbele yake. Mama alichoka. Siku moja alimwita kaka yake pembeni, jikoni, akamwambia maneno ambayo okestra inayakumbuka hadi leo. Alisema: "Anayekupigia kelele nje, mwingize ndani. Akiwa ndani, angalau utamwonyesha pa kupigia."

Ngoma kubwa haikuwa na mtu, kwa kuwa mpigaji wake alikuwa amehama mji. Babu Dum alipelekwa ukumbini shingo upande. Alirudi anatembea kama bwana harusi. Binti yake, ambaye ni nesi, alikuwa mezani anasoma wakati huo. Anasema: "Baba aliingia bila kuvua viatu. Akasimama katikati ya sebule, akasema, kumbe mtu anaweza kupiga kitu na wenzake wasimgombeze. Tangu siku ile Jumamosi ilikuwa ya ngoma. Wateja walihamishiwa Ijumaa, wapende wasipende."

Sasa kuna jambo la ufundi ambalo lazima niwaeleze, na naomba mlishike.

Fundi bati akitengeneza kopo, kitako hukitia mwisho. Anakunja ukingo, anauzungukia kwa nyundo ya mti, kidogo kidogo, mpaka arudi alipoanzia. Hapo anasimama. Anavuta pumzi. Kisha anapiga pigo moja kavu katikati ya kitako. Babu Dum aliliita pigo la kufunga. Ndilo linalokalisha kila kitu mahali pake. Nasema tena: bila pigo la kufunga, kopo linavuja.

Kazi hiyo aliianza ndevu hazijamwota. Mkono wake haukujua kwamba kuna kazi duniani inayoweza kuisha kwa namna nyingine.

Basi, onyesho lake la kwanza. Wimbo ulifika mwisho salama. Fidla zilinyamaza zote pamoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Mwalimu akashusha kifimbo. Watu wakafungua viganja wapige makofi. Babu Dum akavuta pumzi.

Dum.

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia mstari wa mbele aliamka akauliza kama nguo zimeanuliwa, akidhani ni radi.

Babu Dum hakucheka. Jioni ile hakugusa chakula. Alimwambia mkewe, "Si mimi. Ni mkono."

"Mkono huo ndio umetulisha humu ndani," mkewe alimjibu. "Usiusute mbele yangu."

Mazoea yana taabu, wasikilizaji. Mwezi uliofuata alipiga tena. Na uliofuata. Mwalimu alijaribu kila alichokijua. Alikifunga kirungu cha ngoma kwa kitambaa. Tukapata dum yenye kikohozi. Alimkalisha mshona nguo karibu naye amkamate mkono wimbo unapoisha. Mshona nguo alirushwa pamoja na mkono. Alimwomba dada yake akae mbele na kumkazia mumewe macho. Dada alikaza. Mume alipiga huku akimwangalia, kwa mapenzi.

Na taratibu kitu kingine kikatokea bila mtu kukipanga. Mtaa ulizoea. Watu waliacha kupiga makofi wimbo unapoisha. Walingoja dum, ndipo wakapiga. Mgeni aliyewahi kupiga makofi mapema alitazamwa kama mtu aliyeanza kula kabla ya wenye nyumba kukaa. Jina la Babu Dum lilizaliwa hapo.

Kisha ukaja mwaliko. Okestra za mitaa yote zikusanyike mwisho wa juma katika ukumbi mkubwa wa mjini, mbele ya majaji. Hawa walikuwa majaji wa kweli, wenye meza, maji ya chupa na nyuso za kufiwa.

Mwalimu alikwenda karakana. Safari hii hakusimama mlangoni, alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Alizunguka maneno kama paka anayetafuta pa kulala, hatimaye akasema kwamba pengine, kwa mara hii tu, shemeji apumzike, ngoma ipigwe na mtu mwingine. Babu Dum aliweka nyundo chini. Binti yake anasema hajawahi kumwona baba yake akiomba kitu kwa mtu, hata deni lake halali hakuwa akiliomba, lakini siku ile aliomba.

"Shemeji, usinitoe," alisema. "Nitaufundisha mkono."

Mwalimu akampa juma moja.

Nani angejua mkono wa fundi unafundishwaje? Babu Dum alifikiri, akapata jibu lililoonekana la busara. Ikiwa mkono umezoea pigo la kufunga, dawa ni kuunyima pigo la kufunga. Juma lile lote alitengeneza makopo ya kumwagilia maua, na kila kopo alilizungukia mpaka mwisho, akasimama, akavuta pumzi, akalala mbele akikumbatia fuawe, chuma chake cha kufulia bati, mpaka hamu ipite. Kisha akachukua bati jingine.

Makopo yakauzwa, na yote yakavuja. Ijumaa ilipofika palikuwa na foleni mlangoni, na kila aliyesimama kwenye foleni alikuwa na viatu vilivyolowa. Mama mmoja mwenye bustani ya maua alimwekea kopo mezani akamwambia, "Fundi, waridi zangu zimekauka, lakini vidole vyangu vya miguu vinachipua."

Aliwaomba radhi wote. Hakulifunga hata moja. Aliwaahidi kuyafunga Jumatatu, mkono ukishapita mtihani wake.

Siku ikafika. Mtaa mzima ulikwenda, na viti vyao, ingawa ukumbi ule ulikuwa na viti vizuri. Okestra ilipiga kuliko ilivyowahi kupiga. Mapacha walipokezana bila kugombana. Noti ya mwisho ikapanda, ikakaa juu, ikazimika. Mwalimu akashusha kifimbo. Babu Dum alikibana kirungu kwapani, akafumba macho, akavuta pumzi.

Akaishikilia. Hakupiga.

Hapo ndipo palipoharibika. Watu wa mtaa hawakupiga makofi. Wangepigaje, wakati wimbo haujaisha? Walikaa, viganja wazi, wakingoja. Watu wa mitaa mingine waliwatazama wale, wakaona hawajapiga, wakadhani bado kuna kipande kinachokuja. Nao wakangoja. Majaji waliwatazama watu. Mwalimu alikuwa ameupa ukumbi mgongo, na mgongo ule ulianza kulowa.

Mwalimu aliinua macho, akamtazama shemeji yake kule nyuma. Babu Dum alikuwa anatetemeka kama aliyebeba mzigo mzito, na machozi yanamtoka, na kirungu kiko kwapani kimebanwa. Alikuwa ametimiza ahadi. Mwalimu anasema alipomwona hivyo aliona haya, haya ya kweli, na akasema kwa sauti ndogo ambayo okestra nzima iliisikia:

"Shemeji. Funga."

Dum.

Ukumbi uliinuka. Wageni hawakujua wanashangilia nini, lakini walishangilia. Okestra ya mtaa haikupata zawadi. Jaji mmoja aliandika kwamba mwisho wa wimbo ulikuwa mrefu kupita kiasi. Mwalimu aliikata karatasi hiyo akaibandika ukumbini, na tangu siku hiyo hakusema tena neno juu ya pigo la kufunga. Na Jumatatu, kama alivyoahidi, Babu Dum alifunga makopo yote, moja moja, na mtaa ulisikiliza kwa raha.

Hayo ndiyo maisha ya Babu Dum, wasikilizaji wapendwa. Fundi bati, mume, baba, shemeji, mpiga ngoma kubwa. Alipougua, Mwalimu alikwenda kila jioni kukaa naye. Binti anasema hawakuzungumza mambo makubwa. Waligombana juu ya nani alimnunia nani kwanza zamani zile, na kila mmoja aliudai ushindi.

Jumapili iliyopita okestra ilipiga kwa kumbukumbu yake. Ngoma kubwa iliwekwa mahali pake, kirungu juu yake, na kiti nyuma yake kikaachwa wazi. Kabla ya hapo Mwalimu alikuwa amemwomba dada yake amteue mtu wa kulipiga lile pigo. Binti, labda. Au yeye mwenyewe. Mjane alikataa. Alisema lile ni la mwenyewe, na halirithiwi.

Basi wakapiga wimbo ule ule wa siku ya majaji. Ukafika mwisho. Mwalimu akashusha kifimbo. Ukumbi ukangoja, kwa mazoea. Kila mtu alijua hakuna kitakachokuja, na bado hakuna aliyeweza kupiga makofi wala kuinuka. Mwalimu alisimama pale, mgongo kwa watu, hajui awaache vipi waende nyumbani. Alimgeukia dada yake.

Mjane alisimama, akaweka vizuri mtandio wake.

"Kopo lisilofungwa linavuja," alisema. "Leo liacheni livuje. Nendeni nyumbani."

Watu wakabeba viti vyao, wakatoka bila makofi. Muosha magari alikuwa ameshamaliza kazi ya siku, na njia ilikuwa kavu kabisa. Lakini waliotembea nyuma wanasema karibu kila mtu alikuwa akijifuta uso.

Kwa mjane, kwa binti, kwa Mwalimu na okestra nzima, sisi wa kipindi hiki tunawapa pole. Mungu amlaze mahali pema, na kama huko wana paa la bati, wajue mapema. Nanyi mnaotusikiliza: pengine humo ndani mna mtu ambaye kila siku humaliza jambo kwa namna inayowachosha. Anarudia hadithi iliyokwisha, au anauliza mara ya pili kama mlango umefungwa. Leo msimkate. Mngojeni amalize.

Kipindi hiki huwa tunakifunga kwa mlio wa kengele. Nimemwomba fundi mitambo, na amekubali. Leo hatutaipiga.