Bora Uongo

Kwenye pantoni ya Kigamboni, kijana aitwaye Mwishehe, kafi mkononi, alikuwa akimweleza mama aliyeketi kando yangu kazi yake: huwapitisha wageni kwa kayaki kwenye mikoko, akiwasimulia mila za Wazaramo.

"Na mzimuni unawapeleka?" mama aliuliza, kama askari.

"Tunapita mbali, mama. Wanapiga picha tu."

"Kwetu nako walianzaga na picha. Leo makaburi ya wazee tunayachungulia kwenye uzio."

"Nisipowasimulia mie, mwenyeji, watasimuliwa na mtu wa kuja, tena uongo."

"Bora uongo, mwanangu. Uongo hautawafikisha mzimuni."

Pantoni ikagota. Mama akashuka, na getini wageni walikuwa wakimpungia Mwishehe mkono kwa furaha.