Sauti ya Mdogo Wangu Ndani ya Hedifoni

Bismillahi. Mama zangu, dada zangu, khitma mmeshaisoma na mmechoka, na kahawa iko jikoni, kwa hivyo ntajitahidi nisikuwekeni sana. Wengine mmefika Maskati mwaka huu huu, na mnanijua kama yule mwanamke wa Darsait anayetengeneza redio. Wengine tunajuana tangu kwetu Unguja. Leo nna jambo nataka kulisema ambalo nimelificha miaka sita. Majina ya watu sitoyataja. Nivumilieni, sijazoea kusema mbele za watu.

Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mie, na mdogo wangu wa kike wa miaka kumi na sita. Marehemu baba alikuwa fundi wa redio. Hakujaaliwa mtoto wa kiume, basi mie ndiye niliyemshikia koleo tangu mdogo, na alipofariki vyombo vyake nikavirithi: gramafoni, hedifoni za kuvaa masikioni, na tepurekoda ya magurudumu mawili.

Siku ya tatu ya yale mapinduzi, asubuhi, mama alikaa juu, dirishani, akasoma Yasin. Nikamnasa kwenye utepe, maana sauti yake ikinituliza. Alipomaliza akasema anakwenda na mdogo wangu kwa shangazi, nyumba ya pili kutoka yetu, kumtazama bibi yetu mgonjwa. Akaniambia nitie komeo, nisimfungulie mtu ila wao.

Nikatia komeo. Bunduki zilikuwa zinalia upande wa mitaa ya Ng'ambo, na mie, nakuambieni kweli, niliogopa. Nikaweka santuri, nikavaa hedifoni, nikaongeza sauti mpaka mwisho ili nisisikie kitu. Tepurekoda sikuizima. Nilisahau kabisa kuwa maikrofoni bado iko wazi pale dirishani.

Santuri ilipokwisha nikasikia mlango unagongwa. Nikateremka. Alikuwa mama, na shangazi nyuma yake. Mama akaniuliza, "Mdogo wako yuko wapi?"

Nikamwambia, "Hakuja."

Akasema alimtuma nyumbani peke yake kuchukua dawa ya bibi. Tukamtafuta siku ile, na wiki ile, na mwezi ule. Hatukumwona tena, hai wala maiti.

Tulipopanda meli kuja huku tulikuwa na mabunda mawili tu. Vyombo vya baba vilibaki. Ule utepe niliufunga ndani ya kanga kwa ajili ya Yasin ya mama, sikujua kuna kingine ndani yake.

Darsait tulipewa kibanda cha makuti na jamaa zetu. Mama alikuwa akishona kofia, na mie nikawa natengeneza redio nyumbani. Kazi nikiipata kupitia kwa mke wa Mhindi mmoja wa Mutrah mwenye duka la redio. Alisikia kuwa najua kulehemu, akamwambia mumewe, na mumewe akawa ananiletea zilizomshinda. Siku moja akaniletea tepurekoda mbovu, ya taa za kioo ndani, akasema hana haja nayo, nikiiweza ni yangu. Nikaiweza. Siku zile kupiga muziki watu wakasikia hakukutakiwa hapa, basi akanipa na hedifoni za zamani za watu wa simu za upepo, chuma kitupu, zinabana kichwa.

Nikaweka utepe. Nikasikia Yasin mpaka mwisho wake. Nikasikia mama anaagana na mie. Halafu mvumo, mvumo, na ndani ya mvumo, mbali sana, kitu kama du, du, du.

Nilirudisha nyuma. Nilirudisha mara ngapi siku ile, sijui.

Je, ni mlango? Au ni bunduki? Au ni jenereta ya jirani wa hapa Darsait, ambayo ndiyo iliyokuwa ikinipa umeme? Hapo ndipo nilipoanza kuanguka, dada zangu. Sikutaka kitu chengine duniani ila hedifoni itakayoniambia kweli.

Yule Mhindi aliagizia kwa ndugu yake Bombay, akaniletea nzuri sana, za kisasa, za kusikilizia muziki kila sikio na sauti yake. Nilimlipa kwa kazi ya miezi. Nilipozichomeka, sauti ikatoka nyembamba kama ya mbu, nayo inakwaruza. Nikamrudishia nikamwambia ni mbovu. Mzee wa watu hakukasirika. Alikaa kwenye mkeka akanieleza. Hedifoni hazina kosa, alisema, kosa ni kuziozesha na mashine isiyokuwa yao. Zile za chuma za watu wa simu ni ngumu kupitisha umeme, zinaridhika na mashine ya taa, lakini zilitengenezwa kwa kusikiliza mlio wa ti-ti-ti tu, sauti nzito hazizitoi. Hizi mpya ni laini, zinataka umeme mwingi wenye nguvu ndogo, na mashine yangu haikuwa nao. Usinunue hedifoni peke yake, akasema, tazama kwanza nini kitaisukuma.

Basi nikatengeneza amplifaya ndogo ya transista, ya hedifoni zile tu. Nikaiendesha kwa betri ya gari, na tepurekoda nayo nikaipa jenereta nyengine iliyokuwa haitetemi, ule mvumo ukapungua. Waya mrefu nikaukata nikatia mfupi. Kichwa cha mashine, kile kinachosoma utepe, nikakipangusa kwa pamba na spiriti. Mito ya masikio iliyoanza kupasuka kwa joto nikaishonea ngozi ya mbuzi, ikakaa sawasawa, kelele za nje haziingii.

Mchana mmoja, baada ya adhuhuri, nikavaa.

Mlango uligongwa mara nne. Kisha sauti yake, kama yuko chini ya dirisha, hana hofu hata kidogo, ana uvivu wake ule ule: "Dada, fungua. Mama kasahau tambuu yake." Akagonga tena. "Dada." Halafu miguu ya watu wengi inakuja mbio, na yake inaondoka mbio. Na utepe ukaisha.

Alikuja. Alikuja, akaniita, na mie nimekaa juu na santuri masikioni.

Baada ya siku ile sikuwa mtu. Redio za watu zilijaa vumbi. Yule Mhindi akazichukua moja moja, akaacha kuniletea nyengine. Mtu akitwanga kahawa, nnasimama. Mbuzi akipiga teke bati, nnakwenda mlangoni. Na kila siku nnavaa zile hedifoni nimsikilize, nikijiambia labda leo ntasikia kitu kingine. Mama akiniuliza nna nini, nnasema kichwa. Ningemwambiaje? Neno langu lilikuwa "hakuja". Na yeye alisema dawa, na utepe unasema tambuu.

Siku moja asubuhi mama alikwenda kisimani akateleza, mkono ukavunjika. Aliniita. Kisima kiko hatua ishirini kutoka mlango wetu. Aliniita mpaka sauti ikamkauka, na jirani wa nyumba ya tatu ndiye aliyesikia akamkimbilia. Alipomwingiza ndani, nilikuwa nimewapa mgongo, nimeziba masikio yangu kwa ngozi ya mbuzi niliyoishona kwa mikono yangu.

Jirani alimfunga mkono akenda kumwita mtu wa kuunga mifupa. Tukabaki wawili. Mama hakunifokea. Aliniambia, "Nivishe na mie."

Nikakataa. Nikamwambia ni Yasin tu.

"Yasin naijua," akasema. "Nivishe."

Nilimvisha, kwa sababu mkono mmoja hauwezi. Nikarudisha utepe. Nilikuwa namtazama uso. Nilijua pahali alipofika kwa namna alivyofumba macho. Utepe uliisha, gurudumu likawa linazunguka bure, na yeye hajazivua. Akasema, kwa sauti kubwa kama wanavyosema wenye masikio yaliyozibwa, "Nilimwona."

Nikamvua.

"Nilimwona kutoka dirisha la shangazi yako," akasema. "Amesimama mlangoni petu anagonga. Bibi yako akatapika, nikaitwa ndani. Niliporudi dirishani hayupo, nikajua umemfungulia. Uliposema hakuja, nikafahamu hukumsikia. Ningekwambia alikuja, ningekuua."

Nikamuuliza, "Na dawa?"

"Hakukuwa na dawa. Tambuu. Nilisahau mkoba wangu wa tambuu kitandani, na kinywa kinaniwasha kwa hamu ya kutafuna. Nilimtoa mtoto nje siku ile kwa tambuu. Miaka yote hii nnakuogopa wewe, siku utakaponiuliza dawa ya bibi ilikuwa ipi."

Dada zangu, tulilia mpaka yule muunga mifupa alipoingia akadhani ni mkono. Mimi nilikuwa nikimficha yeye, na yeye ananificha mimi, tumelala mkeka mmoja, tumekula sahani moja.

Sikupona siku ile, nisikudanganyeni. Mpaka leo kuna siku nnasikia mlango ukigongwa na hakuna mtu. Lakini sasa namwambia mama, "Nimesikia," naye hujibu, "Na mie," kisha tunaendelea na kazi. Hedifoni ninazo, nnazivaa kwa kutengeneza redio za watu, sikio moja tu, jengine liko wazi.

Nnamshukuru yule jirani aliyekimbia kisimani. Amekaa pale mlangoni na ananikataza nisimtazame. Nnamshukuru mke wa Mhindi, aliyekuja mwenyewe kwa miguu kutoka Mutrah kunirudishia kazi bila ya kuniuliza kitu. Na nyinyi mliokuja na mabunda yenu mwaka huu, nna neno moja kwenu. Mna mambo ndani ya mabunda hayo, nayajua. Msiyafiche kwa kuwahurumia wenzenu. Anayekula na wewe huenda anayajua tayari, na anangoja umtangulie kusema.

Kwa miaka sita hatukumsomea, kwa kuwa kumsomea ni kukubali kuwa kafa. Khitma mliyosoma leo ni yake. Mlisoma hamjui ni ya nani, na mtatusamehe kwa hilo. Sasa nakuombeni Fatiha. Jina lake mie silitaji, mwenye haki ya kulitaja yupo hapa. Mama, tafadhali.