Hukuniambia Niishie Wapi

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kidogo sauti za watoto, muongeze ya redio. Leo tunamkumbuka mwalimu mmoja, mwanamke. Alifundisha Kiingereza chuo kikuu. Si Kiingereza cha kusoma riwaya, la. Alifundisha cha kusema na kueleweka: mhandisi amwelekeze fundi, mkunga amweleze mzazi. Jumanne iliyopita alifariki, baada ya kuugua kiharusi. Wanafunzi walimwita Mwalimu Nieleze, nami nitamwita hivyo hivyo. Kiingereza changu mimi ni cha kuombea maji, na hayo maji nikiomba naletewa ya moto.

Nieleze alikuwa na mtindo wake. Unasimama mbele ya darasa, unamwelekeza kazi kwa Kiingereza, naye anaifanya watu wote wakiona. Anafanya ulichosema. Hafanyi ulichokusudia.

Binti mmoja wa uhandisi, wa mwaka wa kwanza, alichagua kumwelekeza kutengeneza chai. Mezani pana kikombe, majani, na birika la maji, ya baridi kwa usalama. Binti akamwambia amimine maji. Nieleze akamimina. Kikombe kikajaa, akaendelea. Meza ikalowa, maji yakashuka mpaka kwenye viatu vyake. Darasa linashika mbavu, yeye uso mkavu, anamimina mpaka birika likabaki tupu. Ndipo akamgeukia binti.

"Hukuniambia niishie wapi."

Binti alikwenda kulia chooni. Amenisimulia mwenyewe. Lakini alirudi, akaeleza upya, na chai ikanyweka. Leo ni mhandisi wa madaraja, na anasema mafundi wake hawamuulizi jambo mara mbili.

Sasa shikeni hapo hapo, twende nyumbani kwa marehemu. Nieleze aliishi na mama yake mzazi, fundi cherehani. Mama huyo hakuwa na neno hata moja la Kiingereza, wala halikumsumbua. Wateja wakimuuliza mwanawe anafanya kazi gani, alikuwa akijibu kwamba anabishana na watoto wa watu kwa lugha ya watu.

Kiharusi kilimkuta Nieleze asubuhi, anafunga viatu. Hospitali, ulimi ulipofunguka, ulifunguka kwa Kiingereza peke yake. Nasema tena, Kiingereza peke yake. Daktari alieleza kwamba huwatokea baadhi ya wenye lugha mbili: moja inarudi, nyingine inachelewa, au hairudi kabisa. Ukimsemesha Kiswahili, anakutazama kama anayesikiliza mvua.

"Nilimzaa, nikamfundisha kusema," mama yake aliniambia. "Sasa analia, namuuliza anaumwa wapi, tunatazamana kama wageni kwenye foleni."

Wauguzi walimtafsiria walipopata nafasi. Lakini muuguzi ana wodi nzima, na uchungu wa mtoto hausubiri zamu.

Yule mhandisi alipokuja kumwona mwalimu wake, aliyaona hayo. Kesho yake akaenda kwa mama, akavuta kigoda kando ya cherehani, mkononi ana mto, kijiko na glasi ya maji. Mpango ni ule ule. Mama aseme kwa Kiingereza, yeye afanye. Basi mama akitaka kijiko, anataja dirisha, na mhandisi anainuka kwenda kufungua dirisha. Akitaka amiminiwe maji, yanaishia mapajani.

"Nikamuuliza, mjukuu wangu, wewe nani kakutuma? Akanijibu, bibi, hukuniambia niishie wapi."

Mama alijifunza huku anashona. Alijifunza maneno ya kando ya mgonjwa tu. Unaumwa wapi. Geuka. Kunywa. Basi. Pumzika. Akaenda nayo hospitali, anayanong'ona njia nzima, watu wakimpisha wakidhani anasali.

Alimwinulia mwanawe glasi, akamwambia anywe. Nieleze akanywa. Akaendelea kunywa. Mama neno la kumwambia basi limemtoka kichwani, anahangaika, na mwanawe anakunywa tu huku amemkazia macho, mpaka glasi ikawa tupu. Kisha akacheka, kwa ule upande wa mdomo uliokuwa bado unacheka.

"Hapo nikajua mwanangu bado yumo," mama alisema.

Tangu siku hiyo walizungumza. Maneno machache, lakini yao. Mama akiuliza anaumwa wapi, anajibiwa, na mto unasogezwa panapotakiwa. Akitamka vibaya, anasahihishwa. Aliniambia, mgonjwa hajiwezi hata kujigeuza, ila kumsahihisha mama yake anaweza.

Jumatatu jioni, siku moja kabla ya kifo, mama alikuwa ananyoosha shuka. Mwanawe akasema maneno mengi, marefu. Mama akashika moja tu, kwamba amechoka. Jibu la hilo alikuwa nalo.

"Nikamwambia apumzike. Akafumba macho palepale, mtiifu kama yuko darasani. Sikumwambia mpaka lini."

Pole, mama. Uliambiwa, ukajibu, ukaeleweka. Pole kwako mhandisi, na kwa wote mliolowesha viatu vya mwalimu huyu. Mungu amlaze mahali pema.

Nawe unayenisikiliza, hapo ndani kuna mtu unayedhani anajua lililo moyoni mwako. Hajui. Mweleze, na umweleze lote, maadamu lugha yenu bado ni moja.

Fundi mitambo ananionyesha kidole niishie hapa. Yeye ameniambia. Basi, naishia hapa.